Geuza Kete Kwanza: Kutatua Matatizo ya Seti za Sataranji za Thamani

Mtu akinionyesha seti yake ya sataranji, kete ya kwanza kunipa huwa farasi. Ndiyo yenye sura, na mara nyingi ndiyo iliyomfanya atoe pesa. Mimi humpokea farasi huyo, nikamgeuza kichwa chini. Yaliyoipata seti katika miaka yote ya kupita mikononi mwa watu yanasomeka kitakoni: risasi (ile metali nzito ya kutia uzito) iliyovimba, felti (kitambaa kinene kinachobandikwa chini ya kete) iliyobadilishwa, gundi ya mtu aliyekuwa na haraka. Juu hung'arishwa, chini husahauliwa.

Nimeanza kila mahali na dalili, kisha sababu, kwa kuwa dalili moja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na dawa ya huyu ni sumu kwa yule. Vifaa vya kuwa navyo ni lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na kipima unyevu cha kuweka ndani ya kabati. Sikutaja gundi wala msasa, na si kwamba nimesahau.

Ufa unaoanzia kitakoni

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, hasa kwenye kete nyeusi. Ufa huanza kwenye ukingo wa kitako, ukapanda kuelekea shingoni, na kwa kawaida mwathirika wa kwanza ni mfalme au malkia, kwa sababu ndio wenye vitako vipana na uzito mwingi ndani.

Sababu iliyozoeleka ni ukavu. Kete nzuri hutobolewa chini na kujazwa risasi au kipande cha chuma ili isianguke ovyo. Hewa ikikauka, mbao hunywea, chuma hakinywei. Mbao inajikaza kuzunguka kitu kisichokubali kubanwa, na mwisho inapasuka yenyewe. Abunusi na mpingo ni wepesi wa kufanya hivi kuliko mbao ya boksiwudi, ile ya rangi ya asali ambayo kete nyeupe nyingi za zamani zimekerezwa kwayo. (Wauzaji huyachanganya majina haya kutwa. Abunusi ni mbao za jamii ya Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Zote mbili ni nzito kiasi cha kuzama majini, basi jaribio la kuzamisha kete halikuambii lolote zaidi ya kuilowesha.)

Sababu ya pili hutokea kwa nadra, lakini ni mbaya zaidi, nayo ni risasi yenyewe kuoza. Ukiona felti imebinuka katikati kama tumbo, au unga mweupe unachungulia pembezoni, au kete haisimami wima tena, shuku hilo. Risasi ikikaa na mvuke wa asidi kwa miaka hugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko madini ya awali, na unga huo husukuma mbao kutoka ndani. Mvuke wenyewe mara nyingi hutoka kwenye sanduku: mbao ya mwaloni, plaiwudi mpya, baadhi ya gundi na rangi. Watu hulipia sana sanduku la mwaloni ili kuilinda seti, kumbe ndilo linaloila.

Kuzitofautisha si kazi. Ufa wa ukavu una kingo safi na hubadilika upana kufuata majira: mwembamba hewa ikiwa na unyevu, mpana hewa ikikauka. Ufa wa risasi haubadiliki, unaongezeka tu.

Kwa ufa wa ukavu, dawa ya kwanza ni subira. Weka seti mahali penye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, mbali na kiyoyozi na dirisha la jua, na uiache miezi miwili. Nyufa nyingi nyembamba hujifunga zenyewe. Ukiharakisha ukaziba kwa kijazio kigumu wakati mbao imenywea, siku itakapovimba haitakuwa na pa kwenda, na itapasuka upande wa pili. Nimeona mfalme mwenye nyufa tatu, ambapo mbili zilizaliwa na matibabu ya ile ya kwanza. Ikiwa ufa umebaki na unakukera macho, ujaze kwa nta yenye rangi ya mbao. Nta inafuata mbao, na yeyote atakayekuja baadaye anaweza kuitoa.

Kwa ufa wa risasi, vaa glavu. Unga ule ni sumu: usiupulize wala usiufagie. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kitupe, hamisha seti nzima kutoka kwenye sanduku lile, na kazi ya kutoa risasi mwachie fundi wa urejeshaji. Hapo sipendi ushujaa wa mtu binafsi.

Farasi anacheza kichwa

Katika seti za mtindo wa Staunton, ule wa kete za kawaida za mashindano, kichwa cha farasi huchongwa peke yake, kisha hupachikwa juu ya kitako kilichokerezwa. Gundi ya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikikauka kupita kiasi huwa kama kioo na kuachia. Hiyo ni habari njema, kwa maana kiungo kimeachia bila kuvunja mbao.

Nitakiri kosa langu hapa. Farasi wangu wa kwanza wa abunusi alipolegea, nilimdondoshea gundi kali ile ya kukauka papo hapo. Alishika kweli. Asubuhi yake nikakuta ukungu mweupe umemzunguka shingoni na kupanda hadi kwenye manyoya ya kichwa, kwa kuwa mvuke wa gundi ile huganda juu ya kitu cheusi na kuacha weupe. Na baya zaidi, nilikuwa nimemgandisha akitazama kidogo kushoto. Miaka imepita, bado anatazama kushoto.

Tumia gundi ya asili ya ngozi. Safisha masalia ya zamani kwa pamba iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, paka kiasi kidogo, linganisha uso wa farasi na wenzake watatu kabla haijashika, kisha mfunge kwa uzi hadi kesho yake. Ukikosea, joto na unyevu kidogo vinaifungua.

Kwa kete za mfupa na za pembe jambo ni tofauti. Mfupa una uwazi katikati, kwa hiyo kete ndefu huungwa kwa vipande vilivyochongwa nati (mifereji ya kuzungusha kama ya skrubu), kimoja kinafungwa ndani ya kingine. Kipande kikizunguka bila kushika, nati imelika. Usitie gundi. Zungushia uzi mwembamba wa hariri mara mbili tatu kwenye nati, ukaze taratibu, uache.

Kete inalialia ukiitikisa, au inayumba mezani

Uzito umelegea ndani. Bandua ukingo wa felti kwa wembe butu, kidogo tu, utazame. Kipande cha chuma kikiwa na kutu, felti itakuwa na doa la kahawia. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kumiminwa pembeni mwa uzito hutuliza kelele, nayo hutoka kirahisi. Kete inayoyumba bila kulia mara nyingi ina felti iliyokatwa vibaya. Iweke juu ya kioo, utaona mwanga ukipita upande mmoja.

Felti imetobolewa

Nondo. Felti nzuri ni sufu, na mabuu ya nondo hula sufu. Kabla ya kuing'oa, jiulize kama ni ya asili. Felti ya zamani iliyochakaa ina thamani kuliko mpya inayong'aa, maana mnunuzi mwenye uzoefu hujiuliza mpya inaficha nini. Kama ni lazima ibadilishwe, hifadhi ile ya zamani katika bahasha pamoja na seti.

Na neno moja kwa wenye kete za fedha: sufu hutoa salfa kidogo kidogo, na salfa huisawijisha fedha. Ndiyo maana seti ya fedha iliyolazwa kwenye sanduku lenye kitambaa kizuri cha sufu huwa nyeusi kuliko iliyoachwa rafuni. Bendi za mpira hufanya vivyo hivyo.

Utando mweupe juu ya kete

Una wahusika watatu, na jaribio ni rahisi. Tazama kwa lenzi. Ukiona nyuzinyuzi au vidoto vyenye manyoya, na harufu ya chumba kilichofungwa, ni ukungu. Kausha hewa kwanza, kisha ufute kwa brashi laini nje ya nyumba. Ukifuta bila kukausha hewa, wiki mbili baadaye utakuwa umerudi palepale.

Ukiona utando laini uliotulia hasa kwenye mikunjo ya nakshi, uguse kwa kidole chenye joto. Ukiyeyuka, ni nta ya zamani iliyopakwa kwa wingi. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha.

Ukiona weupe kama wa maziwa ulio ndani ya mng'aro wenyewe, usiofutika, ni shelaki iliyoingiwa na unyevu. Shelaki ndiyo mng'aro wa kete nyingi za zamani, na spiriti huiyeyusha. Yaani mtu akichukua spiriti ili "kusafisha" anavua ngozi ya seti. Mwachie fundi anayejua kuipaka.

Vitundu vidogo na unga chini yake

Dumuzi. Kitundu cha milimita moja au mbili, chenye kingo kali na unga mwepesi wa rangi ya mbao, kina mdudu aliye hai au aliyetoka karibuni. Kitundu cheusi ndani, kisicho na unga, huenda ni cha enzi za babu. Weka karatasi nyeupe chini ya kete na urudi baada ya wiki moja. Unga mpya ukionekana, itenge seti nzima siku hiyohiyo, sanduku na ubao vikiwemo.

Tiba ninayoiamini kwa kete za mbao ni friza. Zifunge katika mifuko miwili, toa hewa, ziweke kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukizitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Unyevu utakaoganda uishie nje ya mfuko, si juu ya kete. Pembe za ndovu usizigandishe, zinaweza kupasuka.

Rangi imebadilika

Hapa pana mengi yasiyo matatizo kabisa. Boksiwudi hugeuka kutoka rangi ya siagi hadi ya asali kwa miaka, na wakusanyaji hulipia rangi hiyo. Padauki, mbao nyingine ya kete, huja nyekundu kama tofali na kuishia kahawia, kwa sababu ya mwanga. Pembe ya ndovu ina ukaidi wake: ikikaa gizani hugeuka manjano, ikikaa kwenye mwanga hubaki nyeupe. Ukiona seti ya pembe nyeupe upande mmoja na manjano upande wa pili, ilikuwa kabatini imegeuzia mgongo ukutani.

Tatizo la kweli ni nyekundu kupauka. Seti nyingi za pembe na mfupa zilipakwa rangi nyekundu upande mmoja badala ya nyeusi, na rangi za aina hiyo hazivumilii jua. Baadhi ya kete za Lewis, zile za karne ya 12 zilizochongwa kwa pembe za walrasi (mnyama wa bahari za kaskazini) na kupatikana kisiwani Lewis, Uskoti, mwaka 1831, zilikuwa na alama za rangi nyekundu zilipogunduliwa. Leo ukizitazama zote ni za rangi moja. Nyekundu iliyokwenda hairudi. Kupaka upya ni kuifuta seti iliyokuwepo.

Nyeusi inayogeuka kahawia kwenye kingo za juu inamaanisha mbao nyeupe iliyotiwa rangi nyeusi. Thibitisha chini ya felti: pamba yenye tone la spiriti ikitoka nyeusi kama wino, umepata jibu. Si dhambi kuwa na seti ya aina hiyo, dhambi ni kuiuza kwa bei ya abunusi.

Kete zinanata au zinanuka

Plastiki za zamani hufa, na zikifa huambukiza. Harufu ya kafuri ni selulosi nitrati. Harufu ya siki ni selulosi asetati. Zote hutoa asidi inayoshambulia chuma na mbao zilizo jirani. Zitenge, zipe hewa, mahali pa ubaridi. Na tafadhali, jaribio lile la kuchoma kwa sindano ya moto kujua kama kitu ni pembe au plastiki liache kabisa. Selulosi nitrati huwaka kwa kasi ya ajabu, na ikiwa ni pembe kweli umeitia kovu bila sababu.

Njia ya staha ni lenzi. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari miwili miwili inayokatana kama wavu. Pembe ya mamothi, ndovu wa kale aliyetoweka, ina wavu huohuo, ila karibu na ukingo wa nje pembe za makutano ya mistari huwa kali, chini ya nyuzi 90, na za ndovu huwa pana, zaidi ya 115. Mfupa una vidoto na vistari vyeusi, mikondo ya damu ya zamani. Plastiki ina mistari iliyonyooka mno, inayofanana mno. Pa kutazama ni kitakoni, maana ndipo pembe ilipokatwa kwa upana.

Kujua tofauti hiyo ni suala la sheria pia. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia mwaka 1990, na Uingereza imebana hata mauzo ya ndani kwa sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022. Mbao za jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, ziliingizwa kwenye mkataba huo Januari 2017, ingawa bidhaa zilizokamilika zenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 kwa shehena zina msamaha. Uliza mamlaka ya nchi inayotuma na inayopokea kabla ya kutuma, si baada ya mzigo kuzuiwa.

Ubao umepinda kama mashua

Mara nyingi uso wa juu ulipakwa vanishi na wa chini ukaachwa mtupu, kwa hiyo unyevu unaingia na kutoka upande mmoja tu. Upande ulioingia ndani ndio mkavu. Usiulazimishe kwa vitabu vizito. Usimamishe juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, subiri wiki kadhaa, na ukishanyooka upake upande wa chini tabaka sawa na za juu.

Seti nzuri, ubao mzuri, pamoja havipendezi

Vipimo. Mwongozo wa FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni mfalme wa sentimita 9.5 na mraba wa sentimita 5 hadi 6. Kwa seti za kale nisizotaka kuzipima sana, nachukua vitunda vinne (zile kete ndogo za safu ya mbele) na kuviweka katika mraba mmoja. Visipotosha, ubao ni mdogo.

Muhuri upo, lakini moyo hautulii

Muundo wa Staunton ulisajiliwa na Nathaniel Cooke tarehe 1 Machi 1849, ukatengenezwa na John Jaques wa London, ukapewa jina la mchezaji Howard Staunton. Basi ukiambiwa "Staunton ya mwaka 1830", funga pochi yako kwa adabu.

Muhuri wa jina la Jaques hukaa kwenye ukingo wa kitako cha mfalme. Tazama kama uchakavu umepita juu yake, au yeye amepita juu ya uchakavu. Herufi zenye kingo kali katikati ya mbao iliyolainishwa na vidole zimegongwa juzi. Taji dogo juu ya farasi mmoja na ngome moja kila upande, lililokuwa likitofautisha kete za upande wa mfalme na za malkia, lilitumiwa pia na watengenezaji wengine, kwa hiyo peke yake halithibitishi kitu. Halafu chungulia chini ya felti. Mbao iliyozeeka kwa haki huwa nyepesi rangi pale mikono na mwanga havikufika. Ikiwa kahawia ni ileile juu, chini na ndani ya kila ukingo uliomenyeka, imechovywa.

Kitunda kimoja hakilingani

Hapa mizani ya jikoni inalipa gharama yake. Niliwahi kununua seti ambayo kwa macho ilikuwa kamili. Nikapima vitunda vyeupe kimoja kimoja: saba vilikuwa na gramu 17 hadi 19, cha nane gramu 11. Nilikigeuza. Felti ilikuwa ya kijani ileile, lakini miviringo iliyoachwa na mashine ya kukereza ilikuwa na nafasi pana, wakati wenzake walikuwa nayo myembamba kama nyuzi za santuri. Mtu alikuwa amekichonga kujaza pengo, kwa ufundi mkubwa, akasahau risasi.

Kibadala si aibu kama kimetajwa. Kiandike katika kumbukumbu za seti, kitie alama ndogo ya penseli chini, na endelea kutafuta. Ukikipata cha kufanana, pima uzito, kipenyo cha kitako kwa nusu milimita na urefu. Rangi iwe ya mwisho, hiyo huja na miaka.

Na kete yatima, ile isiyo na seti, usiitupe. Mwaka 1964 muuzaji wa vitu vya kale wa Edinburgh alinunua sanamu ndogo kwa pauni 5. Ilikaa katika familia yake zaidi ya nusu karne, kwa muda mwingi ndani ya droo, hadi ikatambuliwa kuwa ngome iliyopotea ya kete za Lewis. Ilipigwa mnada London Julai 2019 kwa pauni 735,000. Mimi nina bahasha yenye yatima 14, kila mmoja na uzito wake umeandikwa kwa penseli. Kile kitunda cha gramu 11 ni wa 15 mtarajiwa, siku nikimpata ndugu halisi wa wale saba.